Kwa mtunzi anayeogopa kupona: ushairi na maradhi ya akili

Kuna swali ambalo mshairi anayeugua akili huenda nalo kwa daktari na kurudi nalo nyumbani bila kuliuliza: nikitibiwa, nitaendelea kutunga? Huona haya kuliuliza kwa sababu linaonekana la kipuuzi mbele ya mtu anayehangaikia uhai wake, na huogopa kuliuliza kwa sababu jibu la "hapana" lingemlazimu achague. Mimi nimeishi na baipola kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Ni ugonjwa unaompandisha mtu hisia hadi akajiona hana mpaka, kisha ukamshusha hadi kunyanyuka kitandani kukawa kazi ya siku nzima. Muda wote huo nimekuwa nikitunga, na jibu ninalolitoa hapa nimelipata kwa kusoma maisha ya washairi waliougua kabla yetu, kwa kufuatilia tafiti zilizofanywa, na zaidi ya yote kwa kuzirudia daftari zangu nikiwa na akili tulivu ili nione kipi kiliandikwa katika hali gani. Naamini kwamba maradhi hayatungi shairi, ila yana tabia ya kudai sifa ya kazi iliyofanywa na sehemu ya akili ambayo haikuugua. Sisemi haya kama tabibu, na hakuna neno hapa linalopaswa kuchukua nafasi ya anayekutibu.

Imani kwamba mshairi lazima awe na wazimu kidogo ni kongwe mno. Katika kitabu chake Phaedrus, mwanafalsafa Mgiriki Plato anamfanya mwalimu wake Socrates aseme kwamba anayebisha hodi kwenye mlango wa ushairi bila wazimu utokao kwa miungu wa sanaa, akitegemea ufundi peke yake, hatafika popote, na kazi yake itafunikwa na kazi ya wenye wazimu. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba mshairi ana jini wake anayemnong'oneza beti, na ndiyo maana waliomkataa Mtume Muhammad walimwita mshairi mwendawazimu, tuhuma ambayo Kurani inaitaja na kuikanusha katika sura ya 37. Shakespeare naye, katika tamthilia yake A Midsummer Night's Dream, alimweka mwendawazimu, mpenzi na mshairi katika fungu moja la watu waliojaa dhana tupu, ingawa yafaa kukumbuka kwamba maneno hayo aliyatia kinywani mwa mtawala asiyetunga chochote. Imani hii humsifu mshairi huku ikimpora. Inamwambia kwamba yeye ni mteule, halafu inamnyang'anya miaka yote aliyoitumia kujifunza mizani, kuchuja maneno na kufuta mishororo mibovu, kana kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtu mwingine.

Tafiti za kisasa hazikuiondoa imani hiyo moja kwa moja, na sitajifanya kwamba ziliiondoa. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Nancy Andreasen, alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu waandishi 30 waliopitia warsha maarufu ya uandishi ya Iowa, akiwalinganisha na watu 30 wa kazi nyingine. Asilimia 80 ya waandishi hao walikuwa wamewahi kupatwa na maradhi ya hisia wakati fulani wa maisha yao, ikilinganishwa na asilimia 30 ya wale wengine. Mwaka 2001 mtafiti James Kaufman, baada ya kupitia maisha ya waandishi 1,629, aliona kwamba wanawake washairi ndio walioelemewa zaidi, akaipa hali hiyo jina la mshairi wa Marekani, Sylvia Plath. Wakosoaji wamekumbusha kwamba Andreasen ndiye aliyewahoji watu wote hao mwenyewe, akijua nani ni mwandishi na nani si mwandishi, na kwamba watu 30 wa mahali pamoja ni wachache mno kubeba dai zito namna hiyo. Kasoro hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kuyatupa matokeo yote.

Utafiti ulionisaidia kufikiri vizuri zaidi ulitoka Sweden. Simon Kyaga na wenzake walipitia kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa na jamaa zao, watu zaidi ya milioni moja, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013. Waliona kwamba watu wa kazi za ubunifu kwa ujumla hawaugui akili kuliko wengine, isipokuwa kwa baipola. Waandishi peke yao, hata hivyo, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya maradhi kadhaa, pamoja na ulevi na kujiua. Jambo la tatu waliloliona ndilo ambalo wapenda hadithi za mshairi mwendawazimu hulipita haraka: ndugu wa karibu wa wenye skizofrenia (ugonjwa unaomtenga mtu na uhalisia) na wenye baipola, yaani watu wa damu moja ambao wao wenyewe hawakuugua, walionekana kwa wingi katika kazi za ubunifu. Ikiwa kuna kitu katika damu kinachomsaidia mtu kuunganisha mambo yaliyo mbalimbali na kuona mfanano ambao wengine hawauoni, basi kitu hicho kinaweza kufanya kazi yake bila ugonjwa, na pengine hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa usipokuwapo. Tena uandishi una mazingira yake ambayo peke yake yanaweza kumdhoofisha mtu, kama vile upweke, kipato kisichotabirika, kukataliwa mara kwa mara, na saa za kazi zisizo na mpangilio. Kuona mwandishi mgonjwa hakutoshi kutuambia kwamba ugonjwa ndio uliomwandikia.

Ukitazama mshairi mmoja mmoja, picha inakuwa wazi zaidi. Friedrich Hölderlin wa Ujerumani aliandika tenzi zake kuu kabla ya mwaka 1806, alipopelekwa katika kliniki ya Tübingen. Kuanzia mwaka 1807 aliishi katika mnara kando ya mto akitunzwa na seremala na familia yake, hadi alipofariki mwaka 1843. Katika miaka hiyo 36 aliendelea kuandika vishairi vifupi vya vina, vitulivu, vingine akivitia saini ya jina la kubuni la Scardanelli na tarehe zisizo za kweli. Vina uzuri wake na wapo wanaovipenda sana, lakini hakuna anayedai kwamba ugonjwa ulimpandisha daraja. John Clare wa Uingereza ndiye mfano unaotumiwa kunipinga, kwa sababu shairi lake mashuhuri, "I Am", alilitunga akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Northampton, alikokaa tangu mwishoni mwa mwaka 1841 hadi kifo chake mwaka 1864. Ninalikubali, kisha naomba litazamwe lilivyoundwa. Lina beti tatu, kila ubeti una mishororo sita, na vina vimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Lililetwa na mkono uliokuwa umetunga kwa miaka mingi kabla ya kuingia mle ndani, nao mkono huo uliendelea kujua kazi yake hata bwana wake alipokuwa hajui tena mengi kuhusu nafsi yake. Sylvia Plath naye husimuliwa kana kwamba mashairi ya kitabu chake Ariel yalimwagika tu. Mengi ya mashairi hayo aliyaandika katika majira ya vuli ya mwaka 1962, akiamka kabla ya mapambazuko ili apate muda wa kazi kabla watoto wake hawajaamka. Hiyo ni ratiba ya mtu anayefanya kazi, tena mama wa watoto wadogo. Mwezi Februari 1963 alifariki akiwa na umri wa miaka 30, na ugonjwa uliomwua ndio huo huo uliomaliza na mashairi.

Sasa nije kwenye ninayoyajua kwa kuyapitia. Kwa mtunzi wa Kiswahili, maradhi hujificha kwanza ndani ya vina. Madaktari wanaijua vizuri dalili ya mtu aliyepanda hisia kupita kiasi kuanza kuunganisha maneno kwa milio yake badala ya maana yake, akaruka kutoka neno hadi neno kwa sababu tu yanafanana masikioni. Katika mazungumzo ya kawaida dalili hiyo huonekana upesi. Kwa mshairi haionekani, maana kuunganisha maneno kwa milio ndiyo kazi inayompa sifa. Lugha yetu nayo inamrahisishia mno, kwani vitenzi vingi sana vinaweza kumalizikia kwa -ia, na mtunzi asiye na usingizi anaweza kwenda na kina hicho hadi kunakucha bila kukwama hata mara moja. Mfano wa mambo niliyoyaandika nikiwa katika hali hiyo ni huu:

Usiku umeingia,
usingizi wakimbia,
nyota zanishangilia,
bahari yanililia,
na ukuta wasikia.

Mizani minane imetimia kila mahali, kina hakijatetereka, na anayesikiliza kwa sikio peke yake anaweza kupiga makofi. Lakini uhamishe mshororo wa nne uwe wa kwanza, au wa tatu uwe wa nne, na hakuna kitakachoharibika, kwa sababu hakuna hoja inayotoka hapa kwenda pale. Nyota zinamshangilia mtu huyu kwa lipi? Bahari inamlilia nini? Usiku ule maswali hayo hayakunijia, kwa kuwa kila mshororo ulikuja ukiwa umevaa hisia ya ukweli mkubwa, na hisia hiyo ndiyo dalili yenyewe. Katika daftari hilo kuna kurasa nyingi za namna hii, zote za -ia, na nilipozisoma baadaye nikiwa nimelala usiku kadhaa mfululizo, nilichokiokoa ni ule ukuta unaosikia. Nikakaa nao siku nyingi hadi ukawa hivi:

Wenzangu wote walala,
maneno hayajalala,
ukuta ndio mahala
pa kuyatua mazito.

Mkosoaji mkali ataninyima alama kwa kulirudia "lala", na atakuwa na haki yake. Hata hivyo ubeti huu una mtu ndani yake, una wakati, una sababu, na mshororo wake wa mwisho hauwezi kwenda kukaa juu. Taswira ilitoka usiku wa ugonjwa, sikatai. Uamuzi wa kwamba ukuta ndio wenye maana na bahari haina, uamuzi wa kukiacha kina cha -ia ambacho hakikuwa kinanigharimu chochote, na ule wa kumweka msemaji peke yake kati ya waliolala, yote hayo yalifanywa na akili iliyotulia. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mtunzi mwenye hali kama yangu ni kwamba asiyatupe maandishi ya usiku wa namna hiyo na asiyaamini. Ayaweke, kisha ayapitie akiwa mzima, na apime kila mshororo kwa swali la kwa nini uko hapo ulipo. Vina vikija vyenyewe bila kusita, hasa vile vyepesi, hilo liwe onyo badala ya kuwa fahari. Nimeona pia kwamba bahari ya ushairi, yaani aina ya utungo, yenye vina vya kati na vya mwisho na mizani kumi na sita kwa mshororo hunisaidia kujijua mapema, kwa sababu nikiwa mzima hunilazimisha kwenda polepole na kuhesabu, na nikianza kuugua huvunjika mikononi mwangu au hujaa maneno yasiyo na kazi.

Alama ninayoitegemea kuliko vina, hata hivyo, ni usingizi. Aliyekesha kwa sababu kazi imemnogea huamka amechoka na hujuta kidogo ifikapo mchana. Ukiona umelala saa mbili au tatu kwa siku kadhaa, na badala ya kuchoka unazidi kupata nguvu, unazungumza haraka, unatumia fedha ambazo hukupanga kuzitumia, na unahisi kwamba shairi unaloliandika litabadilisha dunia, usilishukuru shairi. Mpigie anayekutibu. Pembezoni mwa kila ukurasa mimi huandika tarehe na saa nilizolala usiku uliotangulia, na daftari lililoandikwa hivyo limenifundisha kuhusu utunzi wangu mambo ambayo hakuna mhakiki angeweza kuniambia.

Upande wa pili wa ugonjwa huu, yaani sonona, hauna hata huo mng'aro wa uongo. Watu hudhani kwamba huzuni ni shamba la mashairi, na huzuni ya kawaida kweli inaweza kuwa hivyo, kama tungo nyingi za maombolezo zinavyoonyesha. Sonona ni jambo jingine. Inachukua nia ya kutaka, inachukua uwezo wa kushika sentensi hadi mwisho wake, na inalifanya kila neno lionekane halina uzito kuliko jingine, ilhali mtunzi anayeona maneno yote yako sawa hana cha kuchagua. Mashairi yangu kuhusu sonona yote yaliandikwa baada ya kutoka ndani yake. Ukiwa humo, usijidai shairi. Nilipoweza kufanya lolote, nilinakili kwa mkono tungo za watunzi niwapendao, au nilihesabu mizani ya ubeti mmoja wa mtu mwingine, kazi ndogo isiyonitaka niwe na la kusema. Siku nyingi hata hilo halikuwezekana, na kukaa bila kutunga kwa miezi ni sehemu ya ugonjwa, kama kukosa hamu ya chakula. Jambo moja la hatari la kuliangalia ni kwamba sonona ni mhakiki mwenye ufasaha mkubwa. Itakuthibitishia kwa hoja nzuri kwamba yote uliyoyaandika ni takataka yanayostahili moto. Kwa hiyo nina kanuni mbili ambazo sizijadili tena na nafsi yangu: nikiwa nimepanda sichapishi wala situmi shairi kwa yeyote, na nikiwa nimeshuka sichani wala sifuti chochote.

Tufike kwenye dawa, maana ndiko hofu iliko. Lithiamu ilianza kutumika kutibu wazimu wa kupanda baada ya John Cade wa Australia kuchapisha matokeo yake mwaka 1949, na bado ni miongoni mwa dawa kuu za baipola. Mwaka 1979 Mogens Schou wa Denmark, aliyeitumia miaka mingi katika utafiti na tiba, alieleza habari za wasanii na waandishi 24 waliokuwa wakiitumia. Kati yao 12 walisema kazi yao imeongezeka, sita hawakuona tofauti, na sita walisema imepungua. Ninapenda hesabu hii kwa sababu haimdanganyi mtu. Robo yao walipoteza kitu, na mshairi akimwambia daktari kwamba dawa inamfanya ajione kama anatazama dunia kupitia kioo kinene, hadekezi nafsi yake. Lakini nusu walipata zaidi, kwa sababu nyepesi kwamba mtu asiyelazwa hospitalini na asiyepoteza miezi sita kitandani ana siku nyingi zaidi za kufanya kazi. Robert Lowell wa Marekani, aliyelazwa mara nyingi kwa sababu ya kupanda kwake, alianza lithiamu mwaka 1967. Mwaka 1973 alitoa vitabu vitatu vya mashairi kwa pamoja, na kimojawapo, The Dolphin, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1974. Hakupona kabisa, na wapo wahakiki wanaopendelea vitabu vyake vya awali, lakini aliyedhani kwamba dawa ingemnyamazisha alikosea.

Kwangu mimi dawa ya kwanza ilinipunguzia kasi kupita kiasi. Nilikuwa nikilitafuta neno nililolijua na kulikosa, na mikono ilitetemeka. Nililieleza hilo kama ninavyolieleza hapa, daktari akabadili kipimo, kisha baadaye akabadili dawa, na mchakato huo ulihitaji subira kuliko nilivyotaka kuwa nayo. Ushauri wangu ni kwamba uende na maandishi. Usiseme tu kwamba hujisikii kutunga; peleka daftari, onyesha uliandika nini kabla na nini baada, taja saa za usingizi, taja kama unashindwa kupata maneno, kushikilia wazo au kuhisi chochote, kwa sababu hayo ni matatizo matatu tofauti na huenda yakawa na tiba tatu tofauti. Uliza waziwazi swali la utunzi. Daktari anayelicheka anakupa sababu ya kumtafuta mwingine. Usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako, hasa lithiamu, kwa maana kuiacha ghafla huongeza hatari ya ugonjwa kurudi upesi. Ipe pia muda kabla ya kuilaumu, kwani wiki za mwanzo baada ya kipindi cha kupanda huwa tupu hata bila dawa yoyote, na mara nyingi dawa hubebeshwa lawama ya utupu ulioachwa na ugonjwa.

Je, kutunga kwenyewe si tiba? Watu wengi hunitumia swali hili wakitumaini nitawaruhusu waache kliniki. Watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo mazito yaliyowapata, na walioandika kuhusu tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kinachosaidia ni kuandika kunakoleta maelezo, yaani mtu anapoanza kuona sababu na mfuatano katika yaliyompata, kuliko kuuzunguka uchungu ule ule kila siku. Mwaka 2001 Pennebaker na Shannon Stirman walilinganisha mashairi ya washairi tisa waliojiua na ya tisa ambao hawakujiua, wakaona kwamba wale wa kwanza walitumia zaidi maneno ya kujirejelea wenyewe. Hiyo si njia ya kumpima mtu kwa shairi lake, na nawasihi wanaosoma mashairi ya rafiki zao wasiifanye hivyo. Mimi nimeichukua kama zoezi. Nikiona beti zangu kadhaa zimejaa ni-, na- na si- za msemaji peke yake, hulichukua shairi moja na kuliandika upya likimwambia mtu fulani, au likimzungumzia mtu fulani. Mara nyingine halibadiliki kuwa bora, lakini mimi huwa nimetoka chumbani kidogo.

Anne Sexton wa Marekani alianza kutunga mashairi katika miaka ya 1950 kwa kutiwa moyo na daktari aliyekuwa akimtibu, na mwaka 1967 akapata tuzo ya Pulitzer. Ni mfano mzuri wa tiba kumzaa mshairi, na naupenda kwa sababu hiyo. Ni yeye pia aliyejiua mwaka 1974. Ushairi ulimpa maisha ya miaka mingi yenye kazi na maana, lakini haukutosha kuwa matibabu peke yake, na sidhani kama ni haki kuutaka utoshe.

Kuna jambo la watu wa karibu ambalo watunzi wa aina yetu hulisahau. Shairi linalotoka katika ugonjwa lina watu wengine ndani yake: mke aliyekesha, mama aliyeficha visu, rafiki aliyelipa deni. Lowell alipoandika The Dolphin alitumia na kubadilisha barua za mke wake wa awali, Elizabeth Hardwick, na rafiki yake mshairi Elizabeth Bishop alimwandikia kabla ya kuchapishwa akimsihi asifanye hivyo. Mshairi Adrienne Rich naye alimshutumu hadharani. Mimi niko upande wa Bishop. Mateso yangu ni yangu kuyatangaza, lakini aliyenishika mkono hakukubali kuwa taswira. Huwa nampelekea shairi mhusika kabla halijaonwa na mtu mwingine, nikimpa ruhusa ya kweli ya kulikataa. Yapo yaliyokataliwa, na hayajachapishwa.

Wahariri na marafiki nao wana sehemu yao. Usimwambie mtu aliyetoka hospitalini kwamba mashairi yake ya zamani yalikuwa na moto zaidi. Huenda ni kweli, lakini unachomwambia yeye anakisikia kama agizo la kurudi huko. Ukitaka kumsaidia, zungumza naye kuhusu mshororo: huu umekaa, huu unalegea, hapa nilipotea. Anayezungumziwa kazi yake kama kazi hurudi haraka kwenye meza kuliko anayezungumziwa kama muujiza. Na kwa kijana mzima wa afya anayedhani kwamba anakosa kitu kwa kuwa hajaugua, akajinyima usingizi au akaanza kulewa ili apate "hali", nasema kwamba hatapata chochote ila hangover na mishororo ya -ia.

La mwisho ni la makubaliano, nalo lifanyike ukiwa mzima. Chagua mtu mmoja unayemwamini na umwandikie waziwazi dalili zako za mwanzo, jina la anayekutibu na namba yake, na nini afanye akiziona hata kama wewe utakataa. Mkabidhi nakala ya maandishi yako yote, na mkubaliane kwamba ukimwomba aziteketeze hatafanya hivyo hadi miezi mitatu ipite na umwombe tena ukiwa umelala vizuri. Mkubaliane pia kwamba mawazo ya kujiua yakija, utamwambia siku hiyo hiyo, kwa sentensi ya kawaida, si kwa shairi, kwa sababu shairi linaweza kusifiwa na kupitwa, ilhali sentensi ya kawaida itamfanya avae viatu akufuate. Kama huna mtu wa namna hiyo, mwombe anayekutibu akuunganishe na kundi la wagonjwa wenzako au mtoa huduma wa kijamii, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye faili lako huko kliniki.